Ludwig Guttmann: Tabibu aliyepima tiba kwa maisha ya mgonjwa

MGEMA anapoanguka kutoka kileleni mwa mnazi huko Likoni, au kuli anapoangukiwa na mzigo Changamwe, au abiria wa bodaboda anaporushwa barabarani Kisauni, jamaa zake huuliza kama atapona. Madaktari nao huuliza kwanza kama ataishi. Maswali hayo mawili hufanana kwa mbali tu. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo aweza kupasuliwa, jeraha likafunga, nyuzi zikatolewa, akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani na kuhesabiwa miongoni mwa waliotibiwa. Kisha akalala chumbani kwa miezi, vidonda vikamla mgongo, mkojo ukamwingiza maradhi ya figo, hatimaye akaaga dunia pasi na hospitali kumhesabu tena.

Pengo hilo kati ya kuishi na kupona ndilo lililomshughulisha Ludwig Guttmann kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Wengi wanaolijua jina lake hulijua kupitia michezo, kwa kuwa ndiye mwasisi wa mashindano ambayo leo huitwa Paralimpiki. Hata hivyo, Guttmann alikuwa kwanza daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na michezo ilikuwa sehemu ya tiba yake. Urithi wake mkubwa zaidi ni namna alivyobadilisha kipimo chenyewe: kwamba kazi ya daktari wa upasuaji haikamiliki siku ambayo mgonjwa anatoka wadini, na kwamba lazima matokeo yahesabiwe kwa maisha anayorejea kuyaishi.

Mchimba makaa asiyesahaulika

Guttmann alizaliwa Julai 3, 1899, katika mji mdogo wa Tost, jimbo la Silesia ya Juu, ambalo enzi hizo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Leo mji huo uko Poland na huitwa Toszek. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akakulia Königshütte, mji wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma.

Mwaka 1917, akiwa kijana wa miaka 18, alijitolea kufanya kazi katika hospitali ya majeruhi mjini humo. Siku moja akaletwa mchimba makaa, mtu wa miraba minne, aliyevunjika uti wa mgongo na kupooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Madaktari walimfunga plasta, wakamweka mbali na wagonjwa wengine nyuma ya pazia, na kijana Guttmann akaarifiwa kwamba hakukuwa na haja ya kuandika mengi katika faili lake, kwa kuwa hangeishi. Baada ya majuma matano mtu yule alifariki. Kilichomuua ni vidonda vya mgongoni na maradhi ya njia ya mkojo, ambayo yaliingiza sumu katika damu yake. Ule mvunjiko wenyewe haukumuua.

Kifo hicho hakikuwa cha ajabu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Harvey Cushing, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa upasuaji wa ubongo, aliandika kwamba takriban asilimia 80 ya askari waliojeruhiwa ugwe wa mgongo walifariki katika majuma machache ya mwanzo. Madaktari waliiona hali hiyo kama majaaliwa. Mgonjwa wa aina hiyo alipewa dawa za kumtuliza, akangojewa afe.

Kijana yule wa Königshütte aliyabeba aliyoyaona kwa miaka 27 kabla ya kupata nafasi ya kuyafanyia jambo.

Mwanagenzi wa Foerster

Mnamo 1918 Guttmann alianza masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Breslau, akayaendeleza Freiburg, na kuhitimu shahada ya udaktari mwaka 1924. Akarejea Breslau, mji ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, na kupata kazi chini ya Otfrid Foerster, bingwa wa mishipa ya fahamu ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya nzima. Foerster ndiye aliyeitwa Moscow kumuuguza Lenin katika miaka yake ya mwisho.

Foerster alikuwa mwalimu mgumu. Alifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, naye alimpima kila mgonjwa kwa makini yasiyo kifani kabla na baada ya kumpasua: msuli gani unasogea, ngozi ya sehemu gani inahisi, ipi haihisi. Kwake Guttmann alijifunza upasuaji wa ubongo na wa ugwe wa mgongo, na pia alijifunza kuandika alichokiona badala ya alichokitarajia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Hamburg kuanzisha kitengo cha upasuaji wa ubongo, lakini haukupita muda mrefu Foerster akamwita arudi awe msaidizi wake mkuu.

Mwaka 1933 chama cha Nazi kilishika madaraka, na sheria mpya zikawafukuza Wayahudi kutoka hospitali za umma. Guttmann, ambaye kufikia hapo alikuwa miongoni mwa madaktari mashuhuri wa fani yake nchini Ujerumani, alipoteza kazi. Akahamia Hospitali ya Kiyahudi ya Breslau, na mnamo 1937 akawa mkurugenzi wake wa tiba.

Usiku wa Novemba 9, 1938, masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani na Wayahudi wakasakwa majumbani mwao. Guttmann aliagiza kwamba mwanamume yeyote atakayebisha hodi hospitalini usiku huo apokewe bila maswali. Walipokewa watu 64. Kulipopambazuka, polisi wa siri wa Gestapo walifika na kutaka kujua imekuwaje watu wengi namna hiyo waugue kwa usiku mmoja. Guttmann aliwapitisha kitanda baada ya kitanda, akimtajia kila mtu ugonjwa wake, mwingine akiubuni papo hapo. Kati ya watu hao 64, aliwaokoa 60.

Hakukuwa na shaka tena kwamba siku zake Ujerumani zilikuwa zikihesabika. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilimrejeshea pasipoti kwa muda ili aende Ureno kumtibu rafiki wa mtawala wa huko, Salazar. Akiwa njiani kurudi alipitia Uingereza, ambako chama cha kuwasaidia wanazuoni wakimbizi kilikuwa kimemwandalia nafasi. Mnamo Machi 1939, yeye, mkewe Else na watoto wao wawili, Dennis na Eva, waliwasili Oxford.

Mkimbizi mwenye kipimo cha jasho

Mjini Oxford, Guttmann alifanya kazi chini ya Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Nafasi aliyopewa ilikuwa ya utafiti zaidi kuliko ya kutibu. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kuongoza hospitali nzima, hayo hayakuwa maisha mepesi.

Hata hivyo utafiti huo unamfunua vyema. Aliendeleza kipimo cha kutambua mishipa ya fahamu iliyokatika kwa kutazama jasho. Mgonjwa alipakwa unga wa rangi uitwao kwinizarini, kisha akapashwa joto. Pale ngozi ilipotoa jasho, unga uligeuka zambarau, na pale mishipa ilipokuwa imekufa, ngozi ilibaki kavu na unga haukubadilika. Mishipa ilipoanza kuota upya, mpaka wa rangi nao ulisogea. Daktari hakulazimika kukisia wala kutegemea maneno ya mgonjwa aliyejaa matumaini. Aliweza kuona kwa macho kama mshipa aliouunga ulikuwa umerudi kufanya kazi.

Ndipo ikaja fursa ya kulirudia jambo la Königshütte. Serikali ya Uingereza ilijua kwamba vita vya kuikomboa Ulaya vingeleta majeruhi wengi wa uti wa mgongo, na hakukuwa na daktari mwingi wa kuitaka kazi hiyo iliyoonekana haina faida. Guttmann aliombwa mwaka 1943. Alikubali kwa sharti moja: aachwe aiendeshe kazi kwa njia yake mwenyewe.

Wadi ya Stoke Mandeville

Kituo cha taifa cha majeraha ya uti wa mgongo kilifunguliwa Februari 1, 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville karibu na mji wa Aylesbury. Kilikuwa na vitanda 24 na, siku ya kwanza, mgonjwa mmoja.

Majeruhi walioletwa walikuwa katika hali ya kusikitisha. Wengi walikuwa wamefungwa plasta kutoka kifuani hadi miguuni, na ndani ya plasta hiyo ngozi ilikuwa imeoza hadi mfupani. Wengine walikuwa na mipira ya mkojo iliyoachwa muda mrefu ikawaletea maradhi. Walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu, na wengi wao walikuwa wameshakata tamaa.

Guttmann aliwavua plasta. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mara nyingi yeye mwenyewe alizuru wadi saa za usiku kuhakikisha kwamba amri hiyo imetekelezwa. Akasisitiza usafi mkali kila mpira wa mkojo ulipoingizwa. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyohitaji mashine ghali. Zilihitaji mikono, saa ya ukutani na mtu asiyekubali visingizio.

Haki inadai kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuonyesha kwamba wagonjwa hawa waweza kuishi. Huko Boston, daktari wa upasuaji Donald Munro alikuwa ameanzisha wadi ya namna hiyo katika miaka ya 1930. Lakini Guttmann aliyaunganisha yote katika mfumo mmoja ulioanzia siku ya ajali na kuendelea hadi nyumbani na kazini, na Stoke Mandeville ikawa shule ya madaktari kutoka nchi nyingi.

Kilichoanza kupungua kwanza ni vifo. Mtu mwingine angeridhika hapo, lakini Guttmann aliona kwamba kuwaweka hai vijana hawa ili walale tu wakitazama dari kungekuwa ushindi wa nusu. Akaleta seremala, akaleta mafundi wa saa na walimu wa kupiga chapa. Ratiba ya wadi ilijaa kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa walilalamika hawapati nafasi ya kuugua. Lengo alilolitangaza waziwazi ni kwamba kila aliyetoka pale awe mtu mwenye kazi na mlipa kodi kama raia mwingine yeyote.

Kwa maneno mengine, kipimo cha kufaulu kwa kituo kilihama kutoka sajili ya vifo, kikahamia maswali ya mtu mzima mwenye familia. Je, ngozi yake ni nzima? Je, anakimudu kibofu chake? Je, aweza kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini? Je, ana kazi? Je, anatoka nje na kuonana na watu?

Kisu na subira

Katika zama hizo, madaktari wengi wa upasuaji waliamini kwamba mtu aliyevunjika uti wa mgongo sharti apasuliwe haraka, mfupa wa nyuma uondolewe ili ugwe upate nafasi. Guttmann, ingawa mwenyewe alikuwa amefunzwa kisu na bingwa, aliupinga mtindo wa kumpasua kila mgonjwa. Aliona kwamba mara nyingi upasuaji huo haukuurudishia ugwe uhai wake, ilhali uliulegeza zaidi uti uliokwisha kuvunjika. Badala yake alimlaza mgonjwa kwa mpangilio maalumu wa mito ili mifupa ijirudi mahali pake taratibu.

Mzozo huo haungeweza kuamuliwa kwa ubishi peke yake. Ulihitaji hesabu. Mnamo 1969, madaktari wa Stoke Mandeville wakiongozwa na Hans Frankel walichapisha matokeo ya wagonjwa 612 waliotibiwa kituoni humo kati ya 1951 na 1968. Walimpa kila mgonjwa alama mbili, moja ya siku alipoingia na nyingine ya siku alipotoka, kuanzia A hadi E. Alama ya A ilikuwa ya asiyesogeza wala kuhisi chochote chini ya jeraha, nayo B ya anayehisi lakini hasogezi. E ilikuwa ya aliyepona.

Uzito wa mpango huo umo katika herufi mbili zilizobaki. C ilipewa mtu ambaye misuli yake inasogea lakini kusogea huko hakumfai kwa lolote. D ilipewa yule ambaye misuli yake inasogea na kumfaa, kwa mfano kumwezesha kutembea, hata kama ni kwa magongo. Daktari anayepima misuli kitandani anaweza kuona mguu umetikisika na akafurahi. Mstari kati ya C na D unamlazimu aulize zaidi: mtikisiko huo unamsaidia nini mwenye mguu?

Miaka sita baadaye, mnamo 1975, Bryan Jennett na Michael Bond wa Glasgow, Scotland, waliuliza swali lilo hilo kuhusu walioumia ubongo. Wakawagawa katika makundi matano: waliofariki, wanaoishi bila fahamu, wenye ulemavu mkubwa wanaomtegemea mtu mwingine, wenye ulemavu wa wastani wanaojitegemea, na waliopona vizuri. Tangu hapo, daktari wa upasuaji wa ubongo anayetaka kuaminika haishii kutangaza wangapi walitoka hai.

Msimamo wa Guttmann dhidi ya kisu haukubaki kuwa sheria. Picha za kisasa za ndani ya mwili, vifaa vya kuushikilia uti na dawa bora za usingizi zimebadilisha mambo, na leo wagonjwa wengi wa mvunjiko wa uti hupasuliwa. Ila kila anayetetea upasuaji wa mapema au wa baadaye hulazimika kuleta ushahidi wa aina ile ile: mgonjwa alikuwaje alipoingia, na yukoje sasa.

Mishale kumi na sita

Julai 29, 1948, siku ambayo Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, Guttmann aliandaa mashindano madogo kwenye uwanja wa hospitali. Washiriki 16, wanaume 14 na wanawake wawili, wote askari wa zamani walio kwenye viti vya magurudumu, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Timu ya wageni kutoka makao ya Star and Garter ya Richmond iliwashinda wenyeji.

Upinde haukuchaguliwa kwa bahati. Mtu aliyepooza kiunoni huhitaji mabega, mikono na mgongo wa juu wenye nguvu ili ajihamishe kitini na aketi wima bila kuanguka. Kuvuta upinde kunajenga misuli hiyo hiyo. Fauka ya hayo, katika shabaha mtu aliyeketi anaweza kushindana na aliyesimama kwa haki. Kila mshale ulikuwa kipimo cha mwili na pia cha moyo.

Mwaka 1952 waliwasili askari wa zamani kutoka Uholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yalifanyika Roma, baada tu ya Olimpiki, yakiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Hayo ndiyo yanayotambuliwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Sifa zilimfuata. Alitunukiwa cheo cha heshima cha Sir mwaka 1966, na mwaka 1976 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kongwe ya wanasayansi wa Uingereza. Wagonjwa walimwita Poppa, yaani baba, na jina hilo lilibeba upendo na woga pamoja. Alikuwa mkali, mwepesi wa hasira, asiyependa kupingwa. Wapo walioona kwamba aliwasukuma mno watu waliokuwa bado wanaomboleza miguu yao. Hata kipimo chake cha kazi na kodi kina kasoro yake, kwa kuwa wapo wenye majeraha mazito ya shingo ambao hawatarudi kazini kamwe, na thamani ya maisha yao haipungui kwa hilo. Wataalamu waliofuata wamelazimika kukipanua kipimo hicho ili mgonjwa mwenyewe aulizwe ni jambo gani kwake lina maana.

Kutoka Aylesbury hadi Bombolulu

Kenya ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 mjini Heidelberg, Ujerumani, katika nchi ile ile iliyokuwa imemfukuza Guttmann.

Lakini fikra kwamba tiba huishia kazini ilikuwa imeshafika pwani hata kabla ya hapo. Chama cha kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo nchini, APDK, kilianzishwa mwaka 1958. Mnamo 1969, mwaka ule ule ambao Frankel na wenzake walichapisha hesabu zao, chama hicho kilianzisha karakana za Bombolulu katika ukanda wa Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Watu wenye ulemavu walipata humo ajira ya kutengeneza mapambo, vitambaa, vinyago na bidhaa za ngozi. Huko Changamwe nako, jina la Port Reitz limefungamana kwa miaka mingi na huduma za viungo na shule ya watoto wenye ulemavu.

Wengi waliopitia milango hiyo hawakuwa majeruhi wa uti wa mgongo. Kulikuwa na polio na maradhi mengine mengi. Hata hivyo mtu anayeingia Bombolulu asubuhi, akafanya kazi yake na kurudi nyumbani jioni na ujira wake ni jibu la wazi kwa swali la Guttmann.

Kwa majeruhi wa uti wa mgongo wa Mombasa bara, jibu hilo bado ni gumu kupatikana. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 480. Anayetibiwa huko sharti siku moja arudi, na kule anakorudi ndiko kwenye mtihani. Kiti cha magurudumu kilichotembea vizuri kwenye sakafu ya hospitali huzama katika mchanga wa vichochoro vya Likoni. Kuvuka kivuko ni kupambana na mteremko na umati wa watu. Matatu husita kusimama. Choo cha nyumba ya kupanga kina mlango usiopitisha kiti. Na godoro la sponji lililochakaa huleta kidonda kile kile kilichomuua mchimba makaa mwaka 1917.

Sheria ya watu wenye ulemavu ilipitishwa nchini mwaka 2003, nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, iliwapa haki ya kuheshimiwa na kufikia maeneo yote, usafiri na habari. Haki hizo ni sehemu ya matokeo ya upasuaji hata kama daktari hazioni. Misuli ile ile inayompa mtu uwezo wa kujihamisha kitini inaweza kumfaa Aylesbury na isimfae Mtongwe, kwa sababu tu ya ngazi tatu mlangoni. Alama ya D hugeuka kuwa C bila ugwe wa mgongo kubadilika hata kidogo.

Hapo ndipo maisha ya tabibu huyu yanapowagusa watu wa bara ya Mombasa. Kumfuatilia mgonjwa baada ya miezi sita au mwaka hakuhitaji teknolojia ya juu. Kunahitaji daftari, simu, muuguzi wa kwenda hadi nyumbani, na maswali machache yaliyochaguliwa vyema: kama ngozi yake ni nzima, kama anaumudu mkojo wake, kama anatoka nje, kama anakwenda msikitini au kanisani, kama mtoto wake angali shuleni sasa baada ya baba kupooza. Hospitali isiyouliza hayo haiwezi kujua kama upasuaji wake unawafaa watu. Na serikali isiyoyahesabu haiwezi kujua kama inahitaji chumba kingine cha upasuaji, au magodoro, mipira safi ya mkojo na mteremko wa saruji kwenye kivuko.

Hesabu iliyoachwa wazi

Sir Ludwig Guttmann alifariki Machi 18, 1980, akiwa na umri wa miaka 80, kwa maradhi ya moyo. Kituo alichokifungua kikiwa na mgonjwa mmoja kingali kinatoa tiba, na karibu nacho upo uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 1969 kwa ajili ya wanamichezo wenye ulemavu. Mwaka 2012, Paralimpiki iliporudi London, wanamichezo zaidi ya 4,000 walishiriki mashindano yaliyochipuka kutoka mishale ya watu 16.

Mchimba makaa wa Königshütte hakuacha jina katika vitabu. Faili lake liliachwa karibu tupu, kwa kuwa waliomtibu waliona hakuna haja ya kuandika mengi juu ya mtu atakayekufa. Guttmann aliitumia kazi yake yote kuijaza karatasi ile. Katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, karatasi kama hiyo ingali tupu hadi leo, na mwenye faili yu hai.